Resi za ngalawa bila ugomvi: mwongozo kwa nahodha, mwenye chombo na mwamuzi

Resi ya ngalawa ikiharibika, bahari mara nyingi haina lawama. Upepo ulikuwapo, vyombo vimefika, zawadi ipo juu ya meza chini ya turubai. Kinachoharibika ni ile nusu saa baada ya chombo cha kwanza kufika: watu ishirini wamemzunguka mwamuzi mmoja mwenye karatasi iliyolowa, kila mtu anajua alichokiona, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Mwongozo huu ni wa nusu saa hiyo, pamoja na mambo ya kufanya kabla yake. Nimewafikiria manahodha wa Unguja na Pemba, wenye vyombo, na wale wanaoombwa kuwa waamuzi kwa sababu tu ni wazee na siku hiyo hawana chombo majini. Resi kubwa, kama ile ya mbele ya Mji Mkongwe wakati wa Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha linalofanyika Unguja tangu 1998, huwa na kamati yake na boti za kusimamia. Resi ya skukuu baina ya madiko mawili, yaani pwani mbili wanakoshukia wavuvi, haina hayo yote. Huko mambo yanategemea watu wanavyosemezana.

Na hapo pana tabia moja ambayo mimi siipendi. Aliyekosewa huambiwa, "Yaache bwana, wewe mtu mzima." Anayaacha pale ufukweni, kisha anayatembeza barazani mwezi mzima, na kila anapoyasimulia yanaongezeka. Watu wanaiita heshima. Mimi naona heshima ni kulitoa dai lako siku ile ile, kwa mtu mwenye kuamua, kwa maneno machache, mwenzako akiwa amesimama hapo anasikia.

Hatua ya kwanza: malizeni ubishi wa kanuni kabla ya kupandisha tanga

Ngalawa mbili hazifanani. Kila moja imechongwa kutoka kwenye gogo lake, mara nyingi la mwembe, na fundi amelifuata gogo lilivyo. Hii ndefu, ile pana, nyengine ina tanga jipya na jirani yake tanga lina viraka vitatu. Kwa hiyo kama unaona chombo cha mwenzako kimezidi, au tanga lake kubwa mno, lisemwe kabla ya kuondoka. Ukishakubali kuanza naye, umekubali. Malalamiko ya ukubwa wa tanga yanayokuja baada ya mtu kushindwa hayafai kusikilizwa, na mwamuzi aseme hivyo mapema.

Mkutano wa manahodha ufanyike ufukweni, jioni ya kuamkia siku yenyewe au asubuhi yake, na kila nahodha awepo mwenyewe, asitume mtu. Mambo haya yasemwe kwa sauti, yaandikwe kwenye daftari, na yasomwe tena kabla watu hawajatawanyika:

- Mnaanzia wapi, na ishara ya kuanza ni nini: bendera, filimbi au vyote viwili. Aliyetangulia kabla ya ishara afanywe nini?
- Boya lizungukwe kwa mkono gani, na kama kuligusa ni kosa.
- Mabaharia wangapi, na kama waliotoka ndio hao hao warudi. Upepo ukilegea, kumwacha baharia mmoja mzito kwenye boti ya jamaa ni kasi ya bure, na watu wanaijua hila hiyo.
- Kafi na pondo vinaruhusiwa lini, kama vinaruhusiwa.
- Kumaliza ni nini hasa: omo, yaani pua ya chombo, kukata mstari, au nahodha kushuka na kugusa bendera?
- Lalamiko anapelekewa nani, na mwisho saa ngapi.

Hilo la mstari wa kumalizia lina mtego. Wakati wa bamvu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hufika karibu mita 4. Pwani ya mashariki, kwenda Paje na Jambiani, maji yakitoka huacha uwanda mrefu sana kabla ya kuufikia mwamba. Mkiweka mstari baina ya mnazi na mti uliosimikwa mchangani wakati maji yamejaa, vyombo vinaporudi mstari uko nchi kavu. Kila nahodha anafika alipojaaliwa, mabaharia wanashuka wanakimbia kwenye matope, na aliyefika wa kwanza kwa chombo anapitwa na mwenye miguu mirefu. Halafu muulizane kwa nini watu wamegombana. Mstari uwekwe majini, baina ya maboya mawili au baina ya boya na boti iliyotia nanga, pahala penye kina hata maji yakipwa. Tena angalieni mwezi mnapopanga siku, kwa sababu wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kazi hii ni nyepesi zaidi.

Pwani hiyo hiyo ina mashamba ya mwani. Vigingi na kamba viko kwenye maji mafupi, na wenye mashamba wengi ni wanawake ambao hawamo kwenye resi, hawana zawadi wanayoishindania, na kamba ikikatika hasara ni yao peke yao. Kabla ya kupanga njia, nendeni mkaongee nao, msiishie kwa sheha, kiongozi wa eneo. Ikibidi njia ipite karibu na mwani, wekeni boya la mpaka. Atakayevuka boya hilo ameshatoka kwenye mashindano, hata kama hakukata kitu.

Waamuzi wawe watatu. Mmoja akiwa na shaka, wawili waamue. Katika vijiji vyetu huwezi kumpata mtu asiye na ndugu upande wowote, na kumtafuta ni kupoteza wakati. Linalowezekana ni kila upande utoe mmoja na wa tatu atoke diko jengine, na kila mwamuzi aseme mbele ya watu: "Mwanangu yumo kwenye chombo fulani." Undugu uliotajwa asubuhi haumshtui mtu mchana.

Hatua ya pili: jueni nani ampishe nani

Magomvi mengi ya majini hutokana na manahodha wawili ambao kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba njia ilikuwa yake. Hakuna mwongo pale. Kuna kanuni ambayo mmoja haijui, au anaijua kwa jina jengine.

Kanuni za msingi si nyingi. Zimo kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana za mwaka 1972, na kanuni za mashindano za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, zinafuata njia hiyo hiyo. Vyombo viwili vikikutana, kimoja kinapata upepo upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, chenye upepo wa kushoto kimpishe mwenzake. Vikiwa vyote vinapata upepo upande mmoja na vimekaribiana, aliyeko goshini, yaani upande unakotoka upepo, ampishe aliyeko demani. Anayetoka nyuma akitaka kupita, ni juu yake kumkwepa wa mbele.

Ngalawa ina jambo lake juu ya hayo. Matengo, ile miti ya pembeni inayoisawazisha, yanatoka nje pande zote mbili, kwa hiyo nafasi baina ya vyombo ipimwe kutoka ncha ya tengo mpaka ncha ya tengo. Nahodha aliyezoea dau, chombo kisicho na matengo, huangalia ubavu, akaona bado pana nafasi ya kutosha, kumbe matengo yameshapandana. Mkubaliane mapema kwamba tengo ni chombo. Kugusa tengo ni kugusa chombo.

Kwenye boya ndiko kwenye moto. Tanga letu halizunguki kirahisi kama la boti za kisasa. Foromali, ule mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na wengi huona bora kugeuka kwa kuupa upepo mgongo, jambo linalotaka nafasi kubwa. Basi ngalawa tatu zikifika boyani pamoja, moja inabisha, yaani inageuka kwa kuukabili upepo, moja inageuka kwa duara pana, ya tatu inapenya katikati. Kanuni za kimataifa huchora mduara wa urefu wa vyombo 3 kulizunguka boya: vyombo viwili vikiufikia mduara huo vikiwa sambamba, aliye ndani, karibu na boya, apewe nafasi ya kuzunguka. Kanuni hii naipendekeza kwa resi yoyote ya kijiji. Inaeleweka na inamaliza ubishi mwingi, ingawa kukadiria urefu huo kwa macho ni kazi, na mtakosea.

Mvuvi aliyetega nyavu zake hamo kwenye resi. Boti ya abiria vilevile. Wapisheni, msiwatukane.

Hatua ya tatu: baharini sema mapema, sema kifupi

Ukiona mwenzako anakujia na njia ni yako, mwite kabla hajafika. "Njia yangu! Nipishe!" inatosha. Mtaje kwa jina la chombo chake, kwa sababu upepo unachukua maneno na kila nahodha atadhani unamwita mwengine. Kumbuka kwamba kuwa na njia si ruhusa ya kumgonga mtu. Kama kugongana kunaweza kuepukwa, kuepuke, kisha udai haki yako ukifika pwani.

Ukitaka kulalamika, onesha hapo hapo. Kwenye mashindano ya kimataifa mlalamikaji hupiga ukelele wa kulalamika mara moja, na chombo chenye urefu wa mita 6 au zaidi hupandisha pia bendera nyekundu. Kwetu kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kamba kitatosha. Faida yake ni kwamba mwenzako anajua kuna shauri, boti ya waamuzi inaona, na wewe huwezi kulizua lalamiko baadaye baada ya kujikuta wa nne.

Na kama umekosa wewe? Kanuni za kimataifa zinampa nahodha njia ya kujisafisha majini: ajitoe pembeni ya wenziwe, azungushe chombo mara 2 kamili, kisha aendelee. Aliyegusa boya huzungusha mara 1. Kwa ngalawa mizunguko miwili ni adhabu nzito, na resi ya kijiji inaweza kukubaliana mmoja. Lakini iwepo. Anayezunguka kwa hiari yake mbele ya macho ya watu amelimaliza jambo, na pwani hakuna wa kumwuliza. Wengi hawazunguki kwa kuona haya. Haya hiyo mimi sijaifahamu, maana haya kubwa zaidi inawasubiri mchangani.

Chombo kikipinduka, resi imesimama kwa walio karibu. Msisubiri boti ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, wala ya waamuzi. Kanuni ya kwanza kabisa ya World Sailing ni hiyo, kumpa msaada wote unaowezekana mtu aliye hatarini, na anayepoteza nafasi kwa ajili ya kuokoa huweza kurekebishiwa matokeo yake. Liandikeni hilo kwenye daftari lenu: aliyesimama kuokoa hahesabiwi kuwa ameshindwa. Bila maandishi hayo mnamwachia kijana wa miaka kumi na tisa achague, tanga limejaa, baina ya zawadi na mtu aliyemo majini.

Hatua ya nne: ukifika pwani, nenda peke yako

Hapa ndipo resi nyingi zinapoharibikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Kwanza shusha tanga, funga chombo, kunywa maji. Mshindi anabebwa, kuna vigelegele, kuna ngoma, kuna vijana waliowekeana ahadi za soda. Kwenda kwa mwamuzi wakati huo huo, umelowa, unahema, na mabaharia wako watano nyuma, hata ukiwa na haki utaonekana umekuja kupigana. Kanuni za kimataifa, kama hakukutangazwa muda mwengine, humpa mlalamikaji saa 2 baada ya chombo cha mwisho kumaliza. Kijijini saa moja inatosha. Una wakati.

Kisha nenda peke yako. Mwenye haki ya kusema ni nahodha. Baharia anaweza kuitwa shahidi. Mwenye chombo, yule tajiri aliyenunua tanga jipya, hana sauti katika shauri hili, na ni yeye huyo ambaye kwa kawaida anapiga kelele kuliko wote. Tajiri wangu, pesa zako zimo majini, tunajua. Kaa chini ya mnazi umngojee nahodha wako.

Salamu zisirukwe. Umewahi kuona mtu anaanza na "Mzee, mmetuonea!" kabla ya shikamoo? Mwamuzi hasikii tena lolote baada ya hapo. Anza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Poleni na jua. Naomba nafasi, nina lalamiko moja, la kwenye boya la pili."

"Haya, sema. Na mwenzako aitwe asikie."

Msubiri mwenzako aje. Kisha toa maelezo kwa mpangilio: pahala, vyombo, upepo, lililotokea, unachoomba.

"Tulikuwa tunakaribia boya la pili, upepo sote mkono wa kulia. Mimi demani, kaka hapa goshini. Nilimwita mara mbili anipishe. Tengo lake likagonga langu, nikapoteza mwendo, vyombo viwili vikanipita. Naomba mtusikilize sote wawili, na yule mvuvi wa dau jeupe alikuwa karibu, yeye si wa kwetu wala wa kwao."

Hapo hakuna tusi, hakuna nia ya mtu iliyotajwa. Hukusema "alifanya makusudi," kwa sababu moyo wake huujui. Umesema tengo liligonga tengo, jambo ambalo linaweza kukubaliwa au kukanushwa. Mwenzako naye ajibu hivyo hivyo: "Nilimsikia mara moja, ya pili sikuisikia. Nilijaribu kupanda juu, tanga likakosa upepo." Angalia hapo: amekubali nusu ya maneno yako bila kulazimishwa. Watu hukubali mengi wasipotukanwa kwanza.

Maneno haya yaache nyumbani: "mmehongwa," "siku zote nyinyi," "mnapendelea watu wenu," "watu wa huko ndivyo walivyo." La mwisho ndilo baya kuliko yote. Utani baina ya vijiji, na baina ya Wapemba na Waunguja, una ladha yake asubuhi kabla ya kuondoka, wakati kila mtu bado ni bingwa. Baada ya matokeo maneno yale yale yanakata. Kijana aliyeambiwa asubuhi kwamba kwao hawajui kushika shikio, yaani usukani, akacheka, mchana hachekeshwi nalo. Utani uishe ishara ya kuanza inapotolewa.

Usimtake mtu ale yamini kwa sababu ya resi. Nimewasikia watu wakidai msahafu uletwe kwa jambo la tengo na boya. Ukimwapisha mtu umeshamwita mwongo, na kiapo hakiwezi kumrejeshea kumbukumbu ya kitu alichokiona upande wake tu, kwa nusu dakika, chumvi machoni.

Kuhusu simu. Picha ya video iliyopigwa ufukweni inasaidia kujua nani alifika kwanza kama mpigaji alisimama sawa na mstari. Kwa mambo ya kugongana mbali baharini inapotosha, kwa sababu ukivuta picha karibu, vyombo viwili vyenye nafasi kubwa baina yao huonekana vimepandana. Waoneshe waamuzi, usiirushe kwenye kundi la kijiji kabla hawajaamua. Ikishafika huko, mwamuzi haamui tena vyombo viwili, anaamua baina ya vijiji viwili.

Hatua ya tano: mwamuzi naye ana adabu yake

Wakae waamuzi watatu pahala penye kivuli mbali na ngoma, na nahodha wawili mbele yao. Mmoja aseme mpaka amalize, kisha wa pili, kisha mashahidi mmoja mmoja. Swali la kumwuliza shahidi kabla ya mengine yote ni hili: "Uliona kwa macho yako au uliambiwa?" Utashangaa wangapi wanaondoka. Kisha kiangalieni chombo. Tengo lililovunjika kwa kusukumwa kutoka nyuma halifanani na lililovunjika kwa kugongwa ubavuni, na fundi wa ngalawa aliyepo pale atakwambieni.

Tenganisheni mambo mawili: nini kilitokea, na kanuni inasemaje. La kwanza lina mwisho wake kwa waamuzi. Michezo mengine imelifikia hilo zamani. Katika mashindano ya farasi yanayosimamiwa na FEI, shirikisho la kimataifa lililoundwa 1921, uamuzi kuhusu lililoonekana uwanjani, kwa mfano kama farasi aliangusha kizuizi au hakuangusha, haukatiwi rufaa. Bila hivyo mashindano hayaishi. La pili, maana ya kanuni, linaweza kupelekwa kwenye kamati iliyoandaa, kwa sababu hapo waamuzi watatu wote wanaweza kuwa wameisoma vibaya.

Uamuzi utolewe siku hiyo hiyo, kabla ya zawadi. Washindi wasiohusika waitwe wachukue zao, nafasi yenye shauri ingoje. Na uamuzi utolewe pamoja na sababu yake: "Alikuwa goshini, alitakiwa kupisha, hakupisha." Sentensi moja. Mwamuzi anayesema tu "tumeamua hivyo" anawaachia watu watafute sababu wenyewe, na watakayoipata haitakuwa nzuri.

Sasa jambo ambalo najua halitapendwa. Acheni kugawa zawadi nusu kwa nusu ili watu waondoke salama. Inaonekana ni suluhu, na wazee wetu wengi wanaipenda kwa sababu ufukwe unatulia mara moja. Lakini aliyekuwa na haki amenyang'anywa nusu yake, na aliyepiga kelele amejifunza kwamba kelele zina bei. Resi inayofuata watapiga kelele wote. Kama kweli hamjui kilichotokea, semeni hamjui, na matokeo yabaki kama vyombo vilivyofika.

Mwamuzi akikosea, aseme amekosea. Umri haupungui kwa hilo.

Hatua ya sita: shauri limekwenda kinyume nawe

Sema "Nimesikia, ahsanteni," umpe mkono mwenzako, nenda kwa mabaharia wako uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajaambiwa na mwengine. Wao watafuata sura yako. Ukifika umenuna wataelewa kwamba vita bado. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na msemo huu kila mtu anaujua mpaka siku anaposhindwa yeye.

Ukiona kanuni ilisomwa vibaya, iendee kamati kesho yake, ukiwa na daftari la mkutano wa manahodha. Ikishaamua, basi. Makunduchi wana bahati yao: kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili huchapana kwa magomba ya migomba, vinyongo vya mwaka vikatoka, mwaka mpya ukaingia. Madiko mengine hayana siku hiyo. Kinyongo cha resi mkikibeba kitaingia kwenye mnada wa samaki, kwenye kuazimana nanga, kwenye harusi.

Na ukishinda shauri, usilisherehekee kama ulivyoshinda resi. Pokea nafasi yako, nyamaza. Vigelegele vya shauri vinaumiza kuliko vya mbio.

Mwisho kuna gharama. Nani anatengeneza tengo lililovunjika? Hili msilichanganye na matokeo, wala msilijadili siku ile. Kaeni siku ya pili au ya tatu, nahodha wawili, wenye vyombo, na bwana diko, msimamizi wa diko. Aliyekosa alipe mti na kamba, na mabaharia wa pande zote mbili wafanye kazi ya kufunga pamoja. Wasiokubaliana hapo waende kwa sheha. Kiasi kilicholipwa kiandikwe kwenye daftari lile lile la kanuni, pamoja na swali lililozua shauri na lilivyoamuliwa. Mkutano wa manahodha wa resi ijayo uanzie ukurasa huo.